Saa 12, 18 au 24? Subira ya mzamiaji kabla ya kupanda ndege

Muulize mkufunzi wa uzamiaji ni muda gani upite kati ya mbizi ya mwisho na safari ya ndege, naye huenda akakujibu saa 18. Muulize rubani aliyesoma maelekezo ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, atasema 12 au 24, kutegemea ulichokifanya huko chini. Tazama kompyuta ya kuzamia iliyofungwa kifundoni mwa mkono, utakuta kijipicha cha ndege kilichopigwa mstari na saa zinazohesabiwa kurudi nyuma, pengine kuanzia 24, pengine kuanzia namba isiyofanana na yoyote uliyosikia. Na pembeni hakosekani mzamiaji mkongwe wa kusema kwamba yeye aliwahi kupanda ndege akiwa na chumvi bado nyweleni na hakudhurika.

Mtu akisikia majibu manne kwa swali moja huhitimisha kwamba hakuna anayejua. Kumbe wanajua, ila kila mmoja anajibu swali lake. Namba hizo zinatofautiana kwa sababu aina za mbizi zinatofautiana, ndege zinatofautiana, na zaidi ya yote, kwa sababu hakuna saa ambayo hatari ya gesi iliyobaki mwilini kugeuka viputo hukoma kama taa inayozimwa. Hatari inapungua polepole, na mtu fulani lazima aamue imepungua vya kutosha wapi.

Gesi inayoingia bila kubisha hodi

Hewa tunayoivuta ni nitrojeni kwa asilimia 78. Mwili hauna kazi nayo. Inaingia mapafuni, kiasi fulani kinayeyuka katika damu, damu inakisambaza kwenye misuli, mafuta, ubongo na viungo, na hapo kinakaa bila madhara. Kwenye usawa wa bahari, uzito wa anga unatukandamiza kwa shinikizo la atmosfia 1. Chini ya maji, kila mita 10 huongeza atmosfia nyingine: kwenye mita 18 ni 2.8, kwenye mita 30 ni 4. Mzamiaji anapumua hewa ya mtungi ikiwa na shinikizo lile lile la maji yanayomzunguka, vinginevyo kifua chake kisingeweza kutanuka.

Mkemia Mwingereza William Henry alionyesha mwaka 1803 kwamba gesi huyeyuka katika kimiminika kwa kadiri ya shinikizo lake. Ukiongeza shinikizo mara nne, kimiminika kikipewa muda, kitabeba gesi mara nne. Mwili wa mzamiaji unafanya vivyo hivyo. Kila dakika anayokaa chini, nitrojeni inaendelea kuingia kwenye tishu zake, wala hahisi chochote.

Akipanda juu, safari inageuka: nitrojeni inatoka kwenye tishu, inarudi katika damu, inapita mapafuni na kutolewa nje. Shinikizo likishuka haraka kuliko gesi inavyoweza kutolewa, baadhi yake hujitenga na kuwa viputo. Robert Boyle aliliona jambo hili mapema sana: mwaka 1670 alieleza jinsi alivyomweka nyoka katika chombo, akanyonya hewa, na kuona kiputo kikitembea ndani ya jicho la mnyama huyo. Iliwachukua wanasayansi zaidi ya miaka 200 kujua kiputo kama hicho kimejaa nini. Mfaransa Paul Bert ndiye aliyeonyesha, katika kazi yake kubwa ya mwaka 1878, kwamba ni nitrojeni inayowaumiza wazamiaji na wafanyakazi wa vyumba vya hewa iliyoshindiliwa chini ya mito.

Wengi hueleza haya kwa mfano wa chupa ya soda inayofunguliwa. Mfano huo unasaidia, lakini unapotosha mahali pamoja muhimu: unamfanya mtu adhani kwamba viputo ama vipo ama havipo, na kwamba kama havikufoka ulipotoka majini basi mambo yamekwisha. Vipimo vya ultrasaundi vimeonyesha kwamba wazamiaji wengi hutoka majini na viputo vidogo kwenye mishipa yao baada ya mbizi za kawaida kabisa, zilizofuata kila kanuni. Viputo hivyo husafiri na damu hadi mapafuni, vinachujwa huko, na mwenyewe anaendelea kunywa maji na kupiga soga. Mwili unavimudu. Kinacholeta ugonjwa ni pale vinapozidi idadi, vinapokua, au vinapokaa mahali pabaya: kwenye kiungo cha bega au kiwiko, kwenye ngozi, au vibaya zaidi kwenye uti wa mgongo na ubongo. Huo ndio ugonjwa wa kupungua kwa shinikizo. Nitauita hapa ugonjwa wa viputo, maana ndivyo ulivyo.

Robo ya shinikizo inayogeuka maradufu

Ndege ya abiria inapaa karibu mita 11,000, mahali ambapo hewa ya nje imebaki na chini ya robo ya shinikizo la chini. Kwa hiyo kabini hujazwa hewa. Lakini haijazwi hadi ifanane na usawa wa bahari, kwa sababu bodi ya ndege ingelazimika kuwa nene na nzito kupita kiasi. Kanuni za utengenezaji wa ndege zinaruhusu kabini ifike hali inayolingana na kimo cha futi 8,000, yaani mita 2,438, katika safari ya kawaida. Hapo shinikizo ni kama atmosfia 0.75.

Robo tu imepungua. Kwa mzamiaji aliyetoka mita 30, ambako shinikizo lilishuka kutoka 4 hadi 1, robo ya atmosfia inaonekana kama mzaha. Ni sawa na kupanda mita mbili na nusu za maji. Mbona ilete balaa?

Jibu liko katika hesabu ndogo ambayo kwa maoni yangu ingepaswa kufundishwa kabla ya kanuni yenyewe. Mtu ambaye hajazamia ana nitrojeni ya takribani atmosfia 0.79 katika tishu zake. Akiwa kabini, shinikizo la nje ni 0.75. Nitrojeni yake na shinikizo linalomzunguka vinakaribiana, hakuna ziada ya maana. Ndiyo maana abiria wa kawaida hawaumwi, na ndiyo maana warubani wasiopiga mbizi ni nadra kupata ugonjwa wa viputo chini ya kimo cha futi 18,000, kama mita 5,500.

Sasa mchukue mzamiaji aliyemaliza siku yenye mbizi tatu za wastani. Tuseme mojawapo ya tishu zake zinazojaa taratibu imefika atmosfia 1.2 za nitrojeni. Amekaa kwenye mashua, shinikizo la hewa ni 1. Ziada yake ni 0.2, na mwili wake unaimudu. Mpandishe ndege saa hiyo hiyo: nitrojeni bado ni 1.2, lakini shinikizo la nje limeshuka hadi 0.75. Ziada sasa ni 0.45. Shinikizo limepungua kwa robo, lakini nguvu inayosukuma gesi iwe viputo imezidi mara mbili. Vile viputo vidogo vilivyokuwa vikichujwa kimyakimya navyo vinatanuka kwa theluthi moja, kwa sheria ya Boyle yule yule wa nyoka, na vinavuta gesi zaidi kutoka kwenye tishu zilizo jirani.

Kwa maneno mengine, ndege haileti tatizo jipya. Inachukua mbizi ambayo ilikuwa imeisha salama na kuiongezea mita ambazo hazikuwamo kwenye mpango.

Tishu za haraka na tishu za goigoi

Kusubiri kunasaidiaje? Mwaka 1908 John Scott Haldane na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa mbuzi ndani ya chemba ya shinikizo, kwa ajili ya jeshi la wanamaji la Uingereza. Haldane aliugawa mwili, kwa hesabu tu, katika makundi matano ya tishu, kila moja likiwa na kasi yake ya kujaa na kumwaga nitrojeni: la haraka hupunguza nusu ya ziada yake kila dakika 5, la polepole kila dakika 75. Kompyuta za leo ni wajukuu wa wazo hilo. Mfumo unaotumiwa sana, ule wa Albert Bühlmann wa Zurich, una makundi 16, na la mwisho hupunguza nusu kila dakika 635. Hiyo ni zaidi ya saa 10 kwa nusu moja tu.

Rudi kwa mzamiaji wetu. Tuseme tishu yake ile hupunguza nusu kila saa 4. Ziada yake juu ya hali ya kawaida ilikuwa 0.41. Baada ya saa 4 imebaki kama 0.2, baada ya saa 8 kama 0.1, baada ya saa 12 kama 0.05. Akipanda ndege sasa ana nitrojeni ya 0.84 dhidi ya kabini ya 0.75: ziada ni 0.09, chini ya nusu ya ile aliyokuwa nayo alipokuwa amekaa kwenye mashua.

Kwa tishu ya dakika 635 hadithi ni nyingine. Saa 12 zinaitoa nusu ya ziada na kidogo juu yake, basi. Mbizi moja haiijazi kiasi cha kutisha. Lakini siku tano mfululizo za mbizi tatu tatu zinaipandisha ngazi kwa ngazi, kwa sababu usiku mmoja hauitoshi kurudi ilikokuwa, na asubuhi mtu yumo majini tena. Hapo ndipo ilipo sababu ya kutenganisha mbizi moja na mfululizo wa siku nyingi, na wala si ukali wa walimu.

Kuna jambo ambalo hesabu hii nzuri haiioni, nalo linanifanya niitazame kwa jicho la pembeni. Hesabu inachukulia kwamba nitrojeni yote imeyeyuka. Gesi iliyokwisha kuwa kiputo haitoki kwa mwendo huo. Inakawia, maana kiputo lazima kwanza kisinyae. Watu wawili waliopiga mbizi moja, kina kimoja, dakika zile zile, wanaweza kutoka mmoja akiwa na viputo vingi na mwingine hana kabisa. Kompyuta ya mkononi haijui ni yupi kati yao aliyeivaa.

Namba zilivyozaliwa

Mwaka 1989 jumuiya ya madaktari wa tiba ya chini ya maji, UHMS, iliitisha warsha juu ya suala hili. Mapendekezo yalikuwa ya kupanga kwa mafungu: saa 12 kwa aliyezamia chini ya saa mbili kwa jumla katika siku mbili zilizopita, 24 kwa mwenye mfululizo wa siku nyingi, na kati ya 24 na 48 kwa aliyefanya mbizi zenye vituo vya lazima vya kupunguza shinikizo, yaani kusimama njiani wakati wa kupanda ili gesi itoke. Baadaye DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, likapendekeza njia fupi: kila mmoja asubiri saa 24, mambo yaishe. Wafanyabiashara wa uzamiaji walipinga, hasa wenye hoteli za visiwani, kwani siku nzima bila mbizi ni siku ya mapato iliyopotea. Malalamiko yao yalikuwa na harufu ya pesa, ni kweli, lakini yalikuwa na hoja pia: ushahidi wa kudai saa 24 kwa kila mtu haukuwapo.

Ndipo majaribio yalipofanywa katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, miaka ya 1990. Watu waliojitolea waliingia chembani, wakapewa shinikizo la mbizi, wakatoka na kusubiri muda uliopangwa, kisha wakapelekwa kwenye shinikizo la kabini ya futi 8,000 kwa saa 4, sawa na safari ya ndege. Majaribio yalikuwa 802, na 40 kati yake yalileta ugonjwa wa viputo. Kadiri muda wa kusubiri ulivyorefushwa, ndivyo wagonjwa walivyopungua, na waliorudia mbizi walihitaji muda mrefu zaidi kuliko waliozamia mara moja.

Kutokana na hayo, warsha ya mwaka 2002 ilitoa mwongozo ambao ndio unaotajwa zaidi leo. Kwa mbizi moja isiyo na vituo vya lazima, subiri angalau saa 12. Kwa mbizi zaidi ya moja kwa siku, au za siku kadhaa mfululizo, angalau saa 18. Kwa mbizi zenye vituo vya lazima, muda mrefu kwa kiasi kikubwa kuliko 18. Ushahidi ulikuwa mchache mno kutaja namba, na wengi wameweka 24 mahali pake. Mwongozo huo unahusu kabini za kati ya futi 2,000 na 8,000, na mtu asiye na dalili yoyote.

Neno «angalau» hapo lina uzito ambao msomaji wa haraka huuruka. Waliopimwa Duke walikuwa wakavu na wamepumzika. Hawakupambana na mkondo wa maji, hawakupata baridi, hawakubeba mitungi wala kupanda ngazi ya mashua na uzito mgongoni, mambo ambayo yote hubadilisha jinsi mwili unavyopokea na kutoa gesi. Namba zilitolewa na chemba. Bahari ina yake.

FAA nayo inasema saa 12 baada ya mbizi isiyohitaji kupanda kwa vituo, na 24 kama vilihitajika au kama kimo cha kabini kitazidi futi 8,000. Jeshi la anga la Marekani halitaki mjadala: saa 24 baada ya mbizi yoyote. Jeshi la wanamaji la nchi hiyo hiyo limekwenda upande mwingine kabisa. Lina jedwali ambalo kila mzamiaji anapewa herufi kulingana na nitrojeni anayokadiriwa kubaki nayo, kisha anasoma muda wake kulingana na kimo anachokwenda, kiasi kwamba mbizi fupi ya kina kidogo na kimo kidogo inaweza isidai kusubiri hata kidogo. Mashirika mawili ya serikali moja, majibu mawili. Lakini yatazame: rubani wa kivita hajui kesho ataamriwa kupanda kimo gani na hawezi kuumwa akiwa usukani, ilhali wanamaji wana wasimamizi wanaorekodi kila dakika ya kila mbizi. Kanuni fupi huwafaa wasio na takwimu.

Watalii wengi wamo katika kundi hilo la wasio na takwimu, hata wakivaa kompyuta.

Uko kundi gani?

Hapa ndipo watu hukosea. Wapo wanaodhani kwamba kusimama dakika tatu kwenye mita 5 kabla ya kutoka kunawaingiza katika fungu la mbizi zenye vituo vya lazima. Hapana. Hicho ni kituo cha tahadhari, mtu angeweza kukiacha na bado akawa ndani ya mipaka. Kituo cha lazima ni kile ambacho kompyuta au jedwali linakudai kwa sababu umekaa chini kupita muda unaokuruhusu kupanda moja kwa moja. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: mtu aliyepitisha muda wake kwa dakika mbili, kompyuta ikamdai kituo, akakifanya, akatoka mzima, kisha akajihesabu pamoja na wale wa saa 18.

Saa zinaanza kuhesabiwa pale kichwa kinapotoka majini baada ya mbizi ya mwisho, haijalishi ilikuwa fupi au ya kina kifupi kiasi gani. Ukitoka saa nane mchana, saa 18 zinatimia saa mbili asubuhi ya kesho yake, na ndege ya alfajiri imekuwahi. Zinaishia kwenye ndege ya kwanza, hata ikiwa ni ile ndogo ya nusu saa inayokupeleka kwenye uwanja mkubwa. Ndege ndogo zisizojazwa hewa zinastahili heshima ya pekee, kwa kuwa kimo cha ndege ndicho kimo cha abiria. Ikivuka mlima kwenye futi 10,000, shinikizo ni chini ya 0.7. Barabara ya mlimani haina tofauti. Mwili haujui kama umepandishwa na injini ya ndege au ya gari, unachojua ni shinikizo. Aliyetoka majini asubuhi na kuvuka kwa gari mahali pa mita 2,000 mchana amepanda ndege bila tiketi.

Kuhusu kompyuta, soma kitabu chake. Nyingine huhesabu saa 24 baada ya kila mbizi bila kujali ulifanya nini. Nyingine huchagua kati ya 12, 18 na 24. Nyingine hukokotoa muda wake zenyewe. Inapokuonyesha muda mfupi kuliko mwongozo, sioni sababu ya kuisikiliza.

Kuna njia za mkato zinazouzwa mdomoni. Hewa iliyoongezwa oksijeni, nitroksi, kweli ina nitrojeni pungufu, lakini wengi huitumia kukaa chini muda mrefu zaidi, na hapo faida imeliwa. Mwongozo wa 2002 hauwapunguzii muda. Kupumua oksijeni tupu ukiwa nchi kavu huharakisha kutoa nitrojeni, hilo limethibitishwa, na wanaanga hufanya hivyo kabla ya kutoka nje ya chombo, maana vazi lao lina shinikizo la karibu theluthi moja ya atmosfia. Wao hufanya chini ya uangalizi na kwa ratiba iliyopimwa. Mtalii mwenye mtungi wa oksijeni na ndege ya kuwahi si mwanaanga. Kunywa maji ni vizuri, hakufupishi saa. Ndege mpya kama Boeing 787, ambazo kabini yake huwekwa kwenye futi 6,000, zina shinikizo la kama 0.8, afadhali kidogo, ila ndege hubadilishwa dakika ya mwisho na hitilafu ya kabini haichagui muundo.

Kuelea juu kwa miwani na mrija, bila mtungi, hakuhitaji kusubiri. Wanaozamia kwa kushikilia pumzi kwenda kina kirefu, mara nyingi kwa siku, ni habari nyingine. Nao pia wamewahi kuugua, na kujipa nusu siku ni busara.

Faida ya kusubiri isiyosemwa

Mwongozo wa jeshi la wanamaji la Marekani unatoa takwimu za muda ambao dalili za ugonjwa wa viputo huchukua kujitokeza baada ya mbizi: asilimia 42 ya wagonjwa walizipata ndani ya saa moja, 83 ndani ya saa nane, 98 ndani ya saa 24. Tazama tena namba za kusubiri ukiwa na hizi kichwani. Mtu anayekaa chini saa 18 hatoi nitrojeni tu. Anaupa ugonjwa, kama upo, nafasi ya kujitangaza akiwa ardhini, karibu na oksijeni na gari, badala ya kujitangaza juu ya bahari saa tano kabla ya kutua.

Tatizo ni kwamba ukijitangaza hausikilizwi. Maumivu ya bega yanaitwa maumivu ya kubeba mtungi. Ganzi ya vidole inaitwa kulalia mkono. Uchovu usio wa kawaida unaitwa likizo. Mabaka ya ngozi yenye rangi ya zambarau yanaitwa mzio wa kitu fulani cha majini. Kizunguzungu, udhaifu wa miguu, na hasa kushindwa kukojoa, ni dalili za mfumo wa neva na hazingoji kesho. Na mwenye tiketi mkononi ana kila sababu ya kujidanganya: atapanda, atafika kwao, ataonana na daktari wake. Akifanya hivyo anachukua viputo vilivyokwisha kuleta madhara na kuvitanua kwa saa kadhaa mahali ambapo hakuna chemba. Mwenye dalili hapandi ndege, hata kama saa zake zimetimia mara mbili. Anapewa oksijeni ya asilimia 100 na kupelekwa kwenye chemba ya shinikizo, ambako matibabu ya kawaida huanza kwa kumrudisha kwenye shinikizo la mita 18 akipumua oksijeni, na huchukua karibu saa tano. Ikibidi asafirishwe kwa anga, helikopta huambiwa iruke chini iwezekanavyo, ikiweza isizidi mita 300, au hutafutwa ndege ya wagonjwa inayoweza kudumisha shinikizo la usawa wa bahari. Baada ya matibabu safari ya nyumbani husogezwa mbele, mara nyingi siku tatu au zaidi, na anayepanga siku hiyo ni daktari.

Na saa 24 kamili je, zinafuta hatari? Watafiti wa DAN Europe waliingia na mashine ya ultrasaundi ndani ya ndege na kupima mioyo ya wazamiaji waliokuwa wakirudi nyumbani baada ya wiki ya mbizi, wakiwa wamesubiri siku nzima. Wengi hawakuwa na kiputo hata kimoja. Wachache walikuwa navyo, na walikuwa wale wale ambao wiki nzima walikuwa wakitoa viputo vingi baada ya kila mbizi. Viputo si ugonjwa, lakini vinaonyesha kwamba kwa watu hao saa 24 zilikuwa kitu tofauti na kwa jirani aliyeketi kiti cha pili. Anayejua kwamba amewahi kuugua, au aliyemaliza wiki nzito yenye baridi na kina kirefu, ana sababu ya kujiongezea.

Wengi huuliza pia kuhusu safari ya kuja: ukitua asubuhi, unaweza kuzamia mchana? Kwa upande wa nitrojeni hakuna kizuizi. Saa kadhaa kwenye kabini zimekuacha na gesi pungufu kidogo kuliko uliyopanda nayo, tofauti ambayo dakika za mwanzo za mbizi huimeza. Kinachozuia ni kukosa usingizi, koo kavu na masikio yaliyoziba kwa mafua ya njiani, na mkufunzi makini atakuuliza hayo kabla ya kukukabidhi mtungi.